Eye in the Sky: filamu nzuri iliyosahau redio

Tangu nianze kurusha droni ndogo juu ya mikoko ya Mbegani kwa ajili ya utafiti wangu, swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu mikoko. Linahusu filamu. "Eti ile Eye in the Sky ni kweli? Mtu anaweza kukaa Marekani akaendesha ndege iliyo juu ya Nairobi?" Jibu fupi ni ndiyo, inawezekana. Jibu refu ndilo hili unalolisoma, na ndani yake nina ugomvi kidogo na filamu yenyewe. Tahadhari: natoboa hadithi yote. Kama hujaitazama, tazama kwanza, halafu rudi.

Kwa wasioikumbuka vizuri: filamu iliongozwa na Gavin Hood na ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 2015 kwenye tamasha la Toronto. Kanali Katherine Powell (Helen Mirren) yuko Uingereza, anasimamia operesheni ya kuwakamata magaidi wa Al-Shabaab waliokutana Nairobi. Juu kabisa ya jiji inazunguka ndege ya kijeshi isiyo na rubani aina ya Reaper. Rubani wake, Steve Watts (Aaron Paul), amekaa kwenye chumba kidogo jangwani Nevada, Marekani. Chini mtaani Eastleigh yuko Jama Farah (Barkhad Abdi), jasusi anayeendesha kidroni chenye umbo la mbawakawa kilichoingia ndani ya nyumba ya magaidi. Mbawakawa anaonyesha fulana za mabomu zikiandaliwa. Mpango unageuka: badala ya kukamata, sasa wanataka kupiga kombora. Ndipo binti mdogo, Alia, anapoweka meza yake ya mikate nje ya ukuta wa nyumba ileile.

Kuanzia hapo filamu ni simu juu ya simu. Kanali anamuuliza mwanasheria, mwanasheria anamuuliza waziri, waziri anamtafuta waziri mwenzake. Kila mtu anataka mwingine ndiye aseme "piga". Kwa hili naipa filamu alama za juu. Ni filamu chache za vita zinazokulazimisha kukaa na swali la dhamana kwa zaidi ya saa moja na nusu bila kukupa jibu rahisi, na Barkhad Abdi pale mtaani ni mzuri kuliko mawaziri wote waliomo ofisini.

Sasa ugomvi wangu. Kila swali linaloulizwa ndani ya filamu hii linasafiri kwa redio. Picha ya Alia, amri ya kanali, mkono wa Watts kwenye usukani, vyote ni mawimbi yanayopita hewani. Lakini filamu inayachukulia mawimbi hayo kama maji ya bomba katika nyumba ambayo bomba halijawahi kukauka. Yapo tu. Wewe unayeishi hapa Pwani, ambaye simu yako inakosa netiweki ukizama bondeni kidogo, ungetakiwa kushtuka.

Picha unayoiona imeshapita

Tuanze na Reaper. Ikiwa juu ya Nairobi, Nevada iko upande wa pili wa dunia. Mawimbi ya redio hayapindi kufuata mduara wa dunia kwa umbali huo, kwa hiyo yanapelekwa kwa setilaiti. Setilaiti za kazi hii hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Piga hesabu mwenyewe: kupanda na kushuka ni kilomita 72,000, na mwendo wa mwanga ni kilomita 300,000 kwa sekunde. Safari moja inachukua karibu robo ya sekunde. Picha ikija na amri ikirudi, ni nusu sekunde, hata kama mitambo yote ingefanya kazi bila kupoteza muda. Ongeza muda wa kubana picha, kuifunga kwa siri, kuifungua upande wa pili, na safari ya nyaya za ardhini. Jumla hupita sekunde moja.

Sekunde moja ni nini? Kwa mtu aliyesimama, si kitu. Kwa mtoto anayekimbia mita 3 kila sekunde, ni mita 3. Ndiyo maana kwa miaka mingi jeshi la Marekani lenyewe halikumwacha rubani wa Nevada arushe au atue ndege hizi. Kulikuwa na kikosi kingine karibu na uwanja kilichoziongoza kwa redio ya moja kwa moja wakati wa kuruka na kutua, kisha kikamkabidhi mwenzao wa mbali zikishakuwa juu. Ukichelewa sekunde moja na nusu ukiwa mita 5 juu ya lami, umeshaangusha.

Filamu ingeweza kuitumia sekunde hiyo. Hebu fikiria: chumba kizima London kinabishana kama Alia ameondoka au hajaondoka, wakati picha wanayoigombania ni ya pale alipokuwa. Hiyo ingekuwa drama ya kweli, tena haihitaji hata senti moja ya kutengeneza milipuko. Badala yake, kila mtu anaona kila kitu papo kwa papo, kama wamesimama juu ya paa la jirani.

Mbawakawa na ukuta wa zege

Watu wengi huniambia kwamba mbawakawa ndiye uongo mkubwa wa filamu. Mimi nasema hapana, si sana. Mwaka 2008 Wahollandi wa chuo kikuu cha Delft walirusha DelFly Micro, kidude cha gramu 3 hivi chenye kamera, kikakaa hewani kama dakika 3. Mwaka 2011 kampuni ya AeroVironment ya Marekani ilionyesha droni yenye umbo la ndege mvumaji, gramu 19, iliyoweza kuruka dakika kama 11. Mwaka 2013 RoboBee wa Harvard, mdogo kuliko hao wote, aliruka akiwa amefungwa nyaya za umeme, kwa sababu hakuna betri ambayo angeweza kuibeba. Umeona mtiririko? Kadiri kidude kinavyokuwa kidogo, ndivyo betri inavyokuwa adui. Kwa hiyo pale betri ya mbawakawa inapokata katikati ya kazi, filamu imesema kweli kabisa, na nadhani ndiyo dakika bora ya kisayansi iliyomo.

Uongo uko kwenye redio yake. Kidude cha ukubwa wa kidole kimo ndani ya nyumba yenye kuta, kinatuma video safi bila kukwaruza hadi kwenye kifaa kinachofanana na gemu ya simu mikononi mwa Jama. Kutuma video kunakula umeme. Kupenya ukuta kunakula zaidi. Na ukizidisha umbali mara mbili, hata kama hakuna ukuta, nguvu inayofika inabaki robo. Kidude kile hakina umeme wa kutosha kupiga mbawa, kikatoe wapi umeme wa kupigia kelele kupitia zege?

Halafu kuna Eastleigh yenyewe. Huu ni mtaa wa biashara, maduka juu ya maduka, kila duka na Wi-Fi yake, kila mfuko na simu yake. Droni nyingi ndogo na Wi-Fi nyingi vinatumia eneo lilelile la masafa, gigahezi 2.4. Mwingiliano wa mawimbi hauhitaji adui mwenye mtambo. Unahitaji majirani tu. Ni kama kumnong'oneza mwenzio katikati ya Kariakoo siku moja kabla ya Idi: hujanyamazishwa na mtu, ila hausikiki.

Mwigizaji aliyefikiria jambo hili mapema

Zamani, watu wanaorusha ndege za mchezo walikuwa na taratibu kali. Kila rimoti ilikuwa na kijiwe cha kristali kilichoifunga kwenye chaneli moja. Klabuni kulikuwa na ubao: ukitaka kuwasha, unaenda kuhakikisha chaneli yako haijachukuliwa. Mwenzio akiwasha rimoti ya chaneli yako wakati ndege yako iko juu, ndege inachanganyikiwa na kuanguka, wala hakuna mwenye nia mbaya.

Miaka ya 2000 mambo yakabadilika. Rimoti za gigahezi 2.4 zilikuja na ujanja wa kutokaa mahali pamoja. Baadhi huruka kutoka masafa haya kwenda yale mara nyingi kila sekunde, kwa mpangilio ambao rimoti na ndege wameukubali mwanzoni. Ukikuta kelele hapa, sekunde hiyohiyo umeshahamia pale.

Wazo la kurukaruka namna hiyo lina historia inayofaa sana kwenye makala ya filamu. Tarehe 11 Agosti 1942, Marekani ilitoa hataza kwa Hedy Lamarr, nyota wa Hollywood wa wakati huo, na mtunzi wa muziki George Antheil. Walitaka topido inayoongozwa kwa redio isiweze kuvurugwa na adui. Yaani mwigizaji wa sinema, katikati ya vita kuu, alijiuliza: je, mtu akivuruga mawasiliano kati yangu na silaha yangu? Miaka zaidi ya 70 baadaye, Hollywood ileile ikatoa nyota wake kuigiza filamu nzima kuhusu silaha inayoongozwa kwa redio, na swali la Hedy halimo.

Swali lenyewe si la kubuni. Desemba 2009 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba wapiganaji nchini Iraq walikuwa wakinasa video za droni za jeshi hilo kwa programu ya dola 26 ya kompyuta, kwa sababu video hizo hazikuwa zimefungwa kwa siri. Septemba mwaka huohuo, Reaper moja ilikatika mawasiliano ikiwa juu ya Afghanistan. Haikurudi, haikutii, ikawa inaelekea kutoka nje ya anga ya nchi hiyo. Marekani ikatuma ndege yake ya kivita yenye rubani ndani kwenda kuipiga kombora ndege yake yenyewe.

Nani anaamua mawasiliano yakikatika?

Hapa ndipo ninapoona filamu imekosa jambo kubwa, si jambo la mafundi tu.

Katika Eye in the Sky, dhamana ni mazungumzo. Nani alisema nini, kwa nani, saa ngapi. Watts anapokataa kufyatua mpaka hesabu ya madhara irudiwe, unamheshimu, na unastahili kumheshimu. Lakini kukataa kwake kuna maana kwa sababu tu redio inafanya kazi. Redio ikikatika, dhamiri ya Watts inabaki Nevada na ndege inabaki Nairobi.

Ndege haibaki bila maagizo, lakini. Kila ndege ya namna hii, kubwa au ndogo, ina maagizo iliyopewa mapema: mawasiliano yakipotea kwa muda fulani, fanya hivi. Zunguka hapohapo. Panda juu. Rudi ulikotoka. Tua. Maagizo hayo hayakutolewa na waziri kwenye kikao. Yaliandikwa na mtu mezani, siku nyingine, pengine akiwa na kikombe cha chai, bila kujua siku hiyo itakuwa siku gani na chini kutakuwa na nani. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mzito kuliko yote kwenye ndege isiyo na rubani, na ndio ambao hakuna anayeuona.

Ningetamani sekunde 8 tu. Skrini ya London inaganda. Uso wa Alia umesimama, mkono wake uko kwenye mkate. Jenerali Benson (Alan Rickman, Mungu amrehemu) anauliza, "Sasa ndege inafanya nini?" Na mawaziri wote, na mwanasheria, na kanali, wanamgeukia fundi kijana ambaye hajasema neno tangu filamu ianze. Ingetuonyesha kwamba mnyororo wa dhamana hauanzii kwa waziri, unaanzia kwa yule aliyejaza menyu.

Kwani sisi inatuhusu nini?

Inatuhusu sana, maana droni hazijaja kwetu kama kombora tu. Mwaka 2018 DHL, GIZ na Wingcopter walijaribu kusafirisha dawa kwa droni kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe: kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria, dakika kama 40, ndege ikijiendesha yenyewe. Zanzibar ilipigwa ramani kwa droni kuanzia mwaka 2016. Mwaka 2019 zilinyunyiza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu kwenye mashamba ya mpunga hukohuko Zanzibar. Anga inasimamiwa na TCAA, masafa ya redio na TCRA, na ni vizuri hivyo. Lakini kibali hakijazi menyu. Menyu unajaza wewe.

Tuchukue Mbegani, kwenye ghuba ileile ya chuo cha uvuvi. Wanafunzi wengi wana hamu ya kutumia droni kuhesabu ngalawa, kutazama mikoko, kufuatilia mashamba ya chumvi. Droni ndogo ya dukani ikikosa rimoti, kawaida hurudi "nyumbani". Neno tamu hilo. Hebu tulichambue kwa macho ya Pwani.

Kwanza, nyumbani ni wapi? Kwa droni nyingi, ni pale ilipowashwa na kurushwa. Sasa umeirusha ukiwa kwenye boti. Injini imezimwa, mkondo unawapeleka nusu mita kwa sekunde. Dakika 10 baadaye mko mita 300 kutoka pale. Mawasiliano yakikatika, droni itarudi nyumbani kwa uaminifu wote, itashuka taratibu, na itatua baharini. Haijaharibika. Imetii. Ndiyo maana kabla ya kurusha kutoka kwenye chombo lazima ujue kama droni yako inaweza kubadilisha nyumbani ikiwa juu, na nani kati yenu ana kazi ya kukumbuka kufanya hivyo.

Pili, inarudi kwa urefu gani? Droni nyingi hunyooka kama mshale kuelekea nyumbani kwa urefu uliowekwa kwenye menyu. Mnazi mrefu unafika mita 25 na zaidi, na mnara wa simu unaupita mbali. Menyu ikisema mita 20, umepanga ajali kabla ya kuondoka nyumbani.

Tatu, mikoko. Watu hudhani umbali ndio unaokata mawasiliano. Mara nyingi si umbali. Ni kushuka chini nyuma ya majani mabichi yenye maji, yanayonyonya gigahezi 2.4 vizuri sana. Droni iliyo kilomita moja juu ya maji wazi inaweza kukusikia, na iliyo mita 200 nyuma ya ukuta wa mikoko isikusikie kabisa.

Nne, kurudi nyumbani kunategemea GPS, na GPS nayo ni redio, tena dhaifu sana, inayotoka kilomita 20,000 juu. Droni nyingi ndogo zikikosa GPS na rimoti kwa pamoja, hazijui nyumbani ni wapi. Hapo mwenye uamuzi ni upepo, na kusi ikivuma hapa kwetu haibembelezi.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji digrii. Yanahitaji mtu aulize kabla ya kurusha: ikikatika, itafanya nini, na chini yake kutakuwa na nani? Nimeona vikundi vinavyotumia nusu saa kugombania nani ashike rimoti, na hakuna hata mmoja anayefungua ukurasa huo wa menyu.

Basi itazameni?

Itazameni, tena mkiwa wengi. Kama kesi ya maadili, Eye in the Sky ni filamu bora kuliko nyingi za aina yake, na inatuheshimu kwa kutotupa jibu. Kama picha ya jinsi ndege hizi zinavyoendeshwa, inatudanganya kwa upole: inatuaminisha kwamba binadamu yupo kwenye usukani muda wote, na kwamba kosa, likitokea, litakuwa la mtu aliyesema "piga". Ukitoka hapo ukaamini hivyo, utamlaumu rubani kila droni inapoanguka, na hutamuuliza kamwe aliyeandika maagizo.

Ukiitazama mara ya pili, fanya zoezi hili. Kila mara chumba kinaponyamaza na wote wanaangalia skrini, simamisha filamu na ujiulize: picha hii ikipotea sasa hivi, ndege itafanya nini, na nani aliamua hivyo? Kisha chukua droni ya chuo chenu, fungua menyu, uone jibu lililoandikwa humo. Kama hakuna anayekumbuka kuliandika, msiirushe leo.